Rada ya maili 200 si ya maili 200 usiku

Mhariri,

Kila unapozuka mjadala kuhusu uvuvi haramu au magendo ya baharini, hakosekani mtu wa kupendekeza rada ya mawimbi yanayotambaa juu ya bahari, ile inayotumia masafa ya redio ya megahezi 3 hadi 30. Hoja huwa ileile: inaona hadi maili 200 za baharini, yaani kilomita 370, ambako ndiko ukomo wa ukanda wa kiuchumi wa bahari kwa mujibu wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982. Namba hiyo ni ya kweli kwa meli kubwa ya chuma, mchana, bahari isipochafuka sana, na mtambo ukiwa umefungwa mahali panapostahili. Sharti moja likikosekana, namba inashuka. Tunaandika kwa sababu vipeperushi vya wauzaji hutaja namba na kuyaacha masharti.

Rada ya kawaida ya melini au bandarini hutumia mawimbi ya sentimita 3 au 10, nayo husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Antena ikiwa juu ya mnara wa mita 30 na meli ikiwa na kimo cha mita 10, dunia inaifunika meli hiyo ikishapita kilomita 36 hivi. Ukiongeza nguvu ya mtambo hupati kitu, maana kinachozuia ni mviringo wa dunia. Mawimbi ya megahezi 3 hadi 30 yana urefu wa mita 100 hadi 10, na yakirushwa kwa antena za wima hushikamana na maji ya chumvi na kuufuata mviringo huo. Siri iko kwenye chumvi: maji ya bahari hupitisha umeme kwa kiwango cha siemens 4 hadi 5 kwa mita, wakati ardhi kavu haifiki hata sehemu moja ya elfu ya hapo. Ndiyo maana rada hii haina kazi ya maana kwenye ziwa la maji baridi, na ndiyo maana umbali wake hupungua mbele ya mdomo wa mto mkubwa msimu wa mafuriko.

Wengi huichanganya na rada ya kurusha mawimbi juu yakagonga ionosfia (matabaka ya juu ya anga yenye chembe za umeme) na kurudi chini, kama ule mtandao wa Australia uitwao Jindalee. Hiyo huona kati ya kilomita 1,000 na 3,000 na haioni kilicho karibu. Ni mtambo mwingine na bajeti nyingine. Tunayoizungumzia hapa haiitaki ionosfia hata kidogo, na tutaona kwamba ionosfia ndiyo inayoisumbua.

Mahali pa kuufunga mtambo ndipo pesa nyingi hupotelea. Kwa megahezi 4, wimbi lina urefu wa mita 75. Antena za kupokea hupangwa kwenye mstari, zikiachana nusu ya wimbi au pungufu kidogo. Antena 16 basi zinataka ufukwe ulionyooka wa zaidi ya mita 550, na hapo bado hujatenga nafasi ya antena za kurusha, ambazo hukaa mamia ya mita kando ili zisizizibe masikio zile za kupokea. Mstari wote ukae makumi ya mita kutoka maji yanapofika. Ukiurudisha nyuma mamia ya mita kwenye mchanga mkavu kwa sababu kiwanja cha mbele kina mwenyewe, wimbi linapoteza nguvu kabla halijagusa bahari, likienda na mwangwi ukirudi. Kisiwa kikiwa mbele ya antena nacho hula nguvu. Nyuma yake wimbi hujirudisha kiasi juu ya maji, lakini deni halilipwi lote.

Kebo zinazotoka kwenye antena hadi kwenye chumba cha mitambo lazima ziwe na urefu sawa, au tofauti zake zipimwe na kuingizwa kwenye programu. Katika kebo ya kawaida, wimbi la megahezi 4 lina urefu wa mita 50 hivi tu, kwa hiyo kila mita moja ya tofauti huleta kosa la nyuzi 7 la fezi, yaani la hatua ya wimbi. Kiungio kimoja kilichoingia maji ya chumvi kinaweza kuleta kosa kubwa kuliko hilo, na kosa la namna hiyo halizimi mtambo. Rada inaendelea kufanya kazi kama kawaida, ila inaionyesha meli upande ambao haipo. Dawa yake ni kuipitisha boti yenye kipimo cha GPS na kisambazaji kidogo cha ishara mbele ya antena zote, kwa duara, na kulinganisha pembe unazosoma mtambo na pembe halisi. Kazi hiyo ifanyike mtambo unapokabidhiwa, na irudiwe kila kebo au antena inapobadilishwa.

Hata kila kitu kikiwa sawa, tusitarajie picha ya kioo. Antena 16 katika megahezi 4 hutoa mwali wenye upana wa nyuzi 6 hivi. Kwa umbali wa kilomita 300, nyuzi 6 ni zaidi ya kilomita 30 kwenda upande. Upana wa masafa wa kilohezi 30 hutenganisha vitu vilivyopishana kilomita 5 kwa umbali, si pungufu. Mwangwi ukiwa na nguvu, programu hukadiria pembe kwa usahihi wa nyuzi 1 hivi, ambayo bado ni kilomita 5 huko mbali. Hilo latosha kumwelekeza rubani wa ndege ya doria. Halitoshi kusema meli ilivuka mpaka kwa mita ngapi, na anayepanga kwenda nalo mahakamani peke yake ajipange upya.

Tuje kwenye jambo ambalo hata wahandisi wa fani nyingine huliruka. Bahari yenyewe inarudisha mwangwi, tena mkubwa kuliko wa meli. Mwaka 1955 mtafiti Crombie, huko Nyuzilandi, alirusha mawimbi ya megahezi 13.56 baharini na kugundua kwamba mwangwi wa bahari haukutapakaa ovyo. Ulijikusanya kwenye mistari miwili myembamba, ukihama kwa hezi 0.38 juu na chini ya masafa aliyorusha. Sababu ni kwamba katika mawimbi yote ya bahari, yale yenye urefu wa nusu ya wimbi la redio ndiyo yanayorudisha ishara kwa pamoja, na mawimbi ya maji ya urefu mmoja kwenye kina kirefu huenda kwa kasi moja inayojulikana. Mistari hiyo huitwa mistari ya Bragg.

Chukua mfano wa megahezi 4. Mawimbi ya bahari yanayohusika yana urefu wa mita 37.5, na kasi yake ni mita 7.65 kwa sekunde, karibu maili 15 za baharini kwa saa. Hiyo ndiyo kasi ya meli nyingi za mizigo! Meli ikija moja kwa moja kuelekea antena kwa kasi hiyo, badiliko lake la Doppler, yaani kuhama kwa masafa ya mwangwi kunakoletwa na mwendo, ni hezi 0.204, palepale ulipo mstari wa Bragg, nayo inamezwa. Meli hiyohiyo ikigeuza uelekeo kwa nyuzi 30, kasi yake ya kukaribia inashuka hadi mita 6.6 kwa sekunde na badiliko linakuwa hezi 0.177. Je, tofauti ya hezi 0.027 inaonekana? Inategemea rada imesikiliza kwa muda gani. Ikisikiliza sekunde 128, inatenganisha hezi 0.008, na meli inajitokeza wazi. Ikisikiliza sekunde 16, inatenganisha hezi 0.06 tu, na meli inabaki imezama ndani ya mwangwi wa bahari. Kwa upande mwingine, ukisikiliza muda mrefu sana, boti ya kasi inayokata kona huku na huku inatawanya mwangwi wake na kupotea. Kwa hiyo mtambo mzuri huchakata data ileile kwa muda mrefu na mfupi sambamba.

Kuna njia mbili za kuitoa meli kwenye mstari huo. Ya kwanza ni kurusha masafa mawili. Katika megahezi 8 mstari wa Bragg unahamia kwenye kasi ya mita 5.4 kwa sekunde, hivyo meli iliyofichwa na mstari mmoja inaonekana kwa mwingine. Ya pili ni kuwa na vituo viwili vilivyoachana, kwa kuwa meli inayokuja usoni kwa kituo kimoja inapita kwa pembeni ya kingine. Vituo viwili pia husaidia kwa meli iliyosimama au inayokatiza mbele ya antena, ambayo kwa kituo kimoja haina badiliko lolote la Doppler na huchanganyika na miangwi ya nchi kavu. Anayenunua kituo kimoja chenye masafa mamoja anunue akijua kwamba kuna kasi mbili, ya kuja na ya kwenda, ambazo hataziona.

Kuhusu boti ndogo tuseme bila kuzunguka. Kinachorudisha mwangwi hapa ni chuma kilichosimama wima. Kitu kikiwa kifupi kuliko robo ya wimbi, mwangwi wake hushuka kwa kasi kubwa sana, na katika megahezi 4 robo ya wimbi ni karibu mita 19. Boti ya faiba ya mita 7 yenye injini ya nyuma, au jahazi la mbao lenye mlingoti wa mti, ni karibu si kitu kwa masafa hayo. Mlingoti wa chuma wa mita 6.5 huitika vizuri kwenye megahezi 11 na nusu hivi, lakini ukipanda hadi huko, bahari inameza wimbi haraka zaidi na umbali unapungua sana. Hakuna masafa moja yanayokupa mambo yote mawili. Nchi inayosumbuliwa na meli kubwa za uvuvi zilizozima vifaa vya utambulisho itafaidika na rada hii. Nchi inayosumbuliwa na boti za faiba za magendo zinazopita kilomita 20 kutoka ufukweni iweke rada ndogo nyingi za kawaida na kamera, na ibaki na chenji.

Sasa usiku. Katika masafa haya kelele, yaani ishara zisizotakiwa, haitoki ndani ya mtambo. Inatoka nje: radi, anga za mbali, na umeme wa binadamu. Kwa hiyo kipokezi cha bei mbaya hakikuokoi. Mchana, tabaka la chini la ionosfia hunyonya kelele na matangazo ya redio yanayotoka mbali. Jua likizama, tabaka hilo hutoweka, na radi za maelfu ya kilomita pamoja na stesheni za mabara mengine zinaingia kwenye antena kana kwamba ziko jirani. Ukanda wa tropiki ndio wenye radi nyingi zaidi duniani, hivyo walio karibu na ikweta huumia zaidi. Umbali wa kuona meli ileile unaweza kushuka hadi karibu nusu.

Juu ya kelele kuna miangwi ya ionosfia yenyewe. Sehemu ya nguvu huponyoka kwenda juu, hugonga tabaka lililo kimo cha kilomita 100 na zaidi, na jingine lililo kati ya 200 na 400, kisha hurudi. Rada haijui kwamba umbali huo ni wa kwenda juu, inauweka baharini. Hivyo kwenye skrini hujitokeza mikanda ya uchafu kuanzia kilomita 100, na mwingine kuanzia 200 na kitu. Karibu na ikweta ya sumaku, baada ya machweo, tabaka la juu huchafuka, uchafu huo ukatapakaa kwenye kasi zote na kufunika meli za kila aina. Tiba ni antena zisizorusha wala kusikia kuelekea juu, antena za ziada za kulala za kunasa uchafu huo ili utolewe kihesabu, na uwezo wa kuhama masafa ndani ya dakika. Vyote hivyo hupunguza tatizo. Hakuna kinacholiondoa.

Kuhama masafa nako kuna sheria zake. Mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa 2012 ulitenga vipande vya masafa kwa rada za kupima bahari, kwa mfano kilohezi 4,438 hadi 4,488 na 13,450 hadi 13,550. Vilikuja na masharti: nguvu inayorushwa isizidi desibeli-wati 25, sawa na wati 316 hivi, na kituo kijitambulishe kwa alama za Morse kila baada ya dakika zisizozidi 20. Hizo ni rada za kupima mikondo ya maji, ambazo hutumia wastani wa makumi ya wati. Rada ya kugundua meli kwa kilomita 370 hutumia kilowati na zaidi. Muuzaji akikuonyesha vipande hivyo kuthibitisha kwamba kibali si tatizo, mwulize nguvu ya mtambo wake. Kumbuka pia kwamba kilohezi 30 ni nafasi ya njia kumi za sauti za redio ya masafa mafupi, na huko kuna meli, ndege, majeshi na waokoaji. Kanada, iliyoanza na vituo vya pwani ya Newfoundland katika miaka ya 1990, ilifika kwenye kizazi cha tatu cha mitambo inayosikiliza kwanza, ikachagua nafasi tupu, na kuhama mwenye masafa anapojitokeza. Uwezo huo uandikwe kwenye zabuni kama sharti la lazima.

Kipimo cha kupokea mtambo ndicho tunachokitilia mkazo zaidi. Siku moja ya maonyesho, mchana, meli ya mafuta ikapita na wageni wakapiga makofi, haithibitishi chochote. Meli za tani 300 na zaidi zilizo kwenye safari za kimataifa zinatakiwa kuwa na AIS, kifaa kinachotangaza zilipo, na data hiyo ndiyo mtihani wa bure. Kwa wiki kadhaa, msimu wa mvua na wa kiangazi, linganisha kila meli iliyojitangaza na kile rada ilichoona. Gawa kwa urefu wa meli, kwa kila kilomita 50 za umbali, na kwa saa za siku. Malipo ya mwisho yategemee jedwali hilo. Angalizo: data ya AIS ya setilaiti hufika imechelewa, kwa hiyo linganisha saa ya tukio, si saa ya kupokelewa, la sivyo utaihukumu rada kwa kosa lisilo lake.

Jedwali hilo liwe na safu ya meli hewa pia, kwa sababu ni rahisi kuongeza ugunduzi kwa kushusha kizingiti, yaani nguvu ya chini ya mwangwi unaohesabiwa kuwa meli. Fanya hesabu: vipande 74 vya umbali, miali 20, na vipande 256 vya kasi ni karibu vyumba 379,000 vya kukaguliwa kila baada ya sekunde 128. Kosa likiwa moja tu kati ya vyumba 100,000, unapata alama karibu nne za uongo kila mzunguko, zaidi ya 2,500 kwa siku. Programu ya kufuatilia mienendo huzichuja nyingi, kwa kuwa alama ya uongo haiendi mwendo wa meli, lakini zinazobaki ndizo zinazomchosha afisa wa zamu mpaka akaacha kuiamini skrini.

Mwangwi wa bahari unaotusumbua katika kutafuta meli una faida yake. Mkondo wa nusu mita kwa sekunde huusogeza mstari wa Bragg kwa hezi 0.013, na vituo viwili vikipima kwa pamoja hutoa ramani ya mikondo inayosaidia kutafuta waliozama na kufuata mafuta yaliyomwagika. Oktoba 2016 rada ya aina hii iliyoko Tofino, magharibi mwa Kanada, ilitoa tahadhari ya mawimbi yasiyo ya kawaida, ambayo baadaye yalihusishwa na hali ya hewa na si tetemeko. Kwa tsunami ya kweli, msaada huo hutegemea sakafu ya bahari: pwani ikiwa na eneo pana la kina kifupi, mkondo huonekana mapema, kina kikiporomoka karibu na ufukwe, dakika zinazopatikana ni chache.

Yapo na mambo madogo yanayoua mtambo taratibu. Taa za LED na chaja za sola za bei rahisi hutoa kelele katika masafa haya haya, na si ajabu kukuta chanzo kikubwa cha kelele ni taa ya mlinzi wa kituo chenyewe. Vikombe vya nguzo za umeme vilivyopasuka hufanya hivyo pia. Nyaya za shaba za ardhini huibwa, panya hutafuna kebo, chumvi hula viungio. Kabla hata ya kuchagua kiwanja, kelele ipimwe usiku na mchana kwa wiki nzima katika kila msimu, na vipimo hivyo vibaki mikononi mwa mnunuzi. Mtambo ukianza kudhoofika baada ya miaka mitatu, bila vipimo hivyo hakuna atakayeweza kumwonyesha mkandarasi kama kilichobadilika ni mazingira au ni antena zake.

Wasomaji wenu,
wahandisi wa redio na rada